Ukianguka, Kimbia

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza Uchina kukoje, nami najibu "kuzuri" kisha nanyamaza. Wanaonifahamu wameona kwamba hilo si la kawaida yangu. Mchungaji amefikia hatua ya kumwuliza mke wangu pembeni kama Mwalimu Gerson alirudi mzima. Nilirudi mzima. Ila kule Guangzhou nilipigwa na butwaa ambayo bado haijaniachia, na kwa kuwa sina nguvu ya kulieleza jambo hilo mara kumi kwa watu kumi, naliandika mara moja. Habari za viza na tiketi sizigusi. Hizo mwulizeni shemeji yangu, Mama Glory, ndiye aliyezihangaikia.

Singida hadi Dar, kifua mbele

Mama Glory ni mdogo wa mke wangu. Mara mbili kwa mwaka hwenda Guangzhou kununua nguo za watoto na vifaa vya simu, na safari hii alitaka mtu wa kumsaidia kushika mizigo. Alinichagua mimi kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa, na kwa sababu, alivyosema mwenyewe mbele ya dada yake, mimi ni mbishi, na sokoni kule mbishi ni mali. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Mimi hamu yangu haikuwa nguo. Hamu yangu ilikuwa besiboli.

Mchezo huu uliletwa shuleni kwetu na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, Mwalimu Sato, nilipokuwa kidato cha tatu. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anajaribu kuupiga kwa gongo, na nyuma yake amechuchumaa mdakaji. Mpigaji akiupiga anakimbilia kituo cha kwanza, halafu cha pili, cha tatu, mpaka arudi nyumbani. Akikosa mara tatu, yuko nje. Ni mchezo mwepesi kuueleza na mgumu kuucheza, kama ndoa.

Kiswahili cha Mwalimu Sato kilikuwa na umri wa miezi mitatu. Alitufundisha kwa mikono, kwa filimbi, na kwa sentensi fupi ambazo tulizikariri kama katekisimu. "Tazama mpira." "Miguu kwanza." "Ukianguka, kimbia." Hiyo ya mwisho tuliipenda kuliko zote, maana tuliiona ni ya maisha yenyewe: ukidondoka usilale hapo unalia, inuka ukimbie. Kabla mwaka haujaisha baba yake aliugua, akaondoka, tukabaki na magongo manne, mipira mitatu na sentensi zake. Mimi baadaye nilirudi pale kama mwalimu wa michezo, na miaka yote hii nimefundisha kutoka kichwani. Mtauliza kwa nini sikutafuta kanuni kwenye simu. Mtu hatafuti kitu anachoamini anacho.

Basi letu lilipotoka stendi lilipita mbele ya mashine ya kukamua alizeti ya Elibariki. Alikuwa mlangoni akishindilia mashudu kwenye gunia. Tuliangaliana kupitia dirishani. Hakuinua mkono, nami sikuinua wangu.

Wengine hamjui kisa chetu, kwa hiyo nitakisema. Elibariki tulisoma darasa moja, tukalala kitanda cha juu na cha chini, tukala ugali sahani moja. Tulipokuwa kidato cha nne bweni lake lilicheza na bweni jingine, na mshindi alikuwa aende Dar kwenye mashindano. Mimi kifundo changu kilikuwa kimeteguka, nikapewa filimbi niwe mwamuzi. Mwisho wa mchezo bweni la Elibariki lilikuwa nyuma kwa pointi moja. Wenzake wawili walikuwa kituo cha pili na cha tatu, wawili wengine walikwisha kutolewa nje, na yeye ndiye aliyeshika gongo. Alikosa mara ya kwanza, akakosa ya pili. Ya tatu alikosa yeye, na mdakaji naye akakosa. Mpira ukapita katikati ya miguu yake ukaenda kuishia kwenye michongoma. Elibariki alitupa gongo akakimbia hadi kituo cha kwanza. Wenzake wawili wakaingia nyumbani. Akasimama pale kituoni mikono juu, kana kwamba ameshinda.

Nikapuliza filimbi. Nikasema amekosa mara tatu, yuko nje, mchezo umekwisha. Yeye, kwa utulivu kabisa, akasema, "Mwalimu Sato alisema, ukianguka, kimbia."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane na filimbi mdomoni. Mbele ya shule nzima nikamjibu, "Umeanguka wapi? Mbona umesimama?"

Shule ilicheka mpaka wapishi wakatoka jikoni kuuliza kuna nini. Timu nyingine ikaenda Dar, nami nikaenda nayo kama mwamuzi, na huko ndiko nilikoonekana nikapata nafasi chuoni. Elibariki hakwenda popote. Tangu siku hiyo, kwa zaidi ya miaka ishirini katika mji mmoja na kanisa moja, hatukuzungumza zaidi ya "poleni" kwenye misiba. Mimi nilijua kwamba amenikasirikia, na nilijua kwamba hana haki ya kukasirika, kwa sababu kanuni ni kanuni.

Sasa wapo wanaonong'ona hadi leo kwamba siku ile nilimwonea, na baadhi yenu ndio mnaosoma hapa. Kwa hiyo nilikuwa na mpango. Nitafute uwanja wa besiboli huko Guangzhou, nirekodi kwa simu mpigaji akikosa mara tatu na mwamuzi halisi akimtoa nje, nirudi niwaonyeshe, na mdomo wa kila mtu ufungwe.

Angani, na saa sita za Addis

Hapa sina mengi. Ndege ilichelewa Addis saa sita, Mama Glory akalala juu ya mikoba yetu yote kama kuku juu ya mayai, mimi nikazunguka. Nilishtuka kuona Watanzania walivyo wengi kwenye foleni ya Guangzhou, akina mama wa Mbeya, Kahama, Arusha, wote wakijuana kwa majina ya watoto wao. Mmoja aliniuliza nanunua nini. Nikamwambia nakwenda kutazama mpira. Aliniangalia kwa huruma, akanipa andazi.

Xiaobei

Tulifikia Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika wengi, kwenye hoteli iliyo kichochoro kimoja kutoka barabara ya Huanshi Zhonglu. Jamani, nilidhani nimejiandaa. Jengo la kwanza tuliloingia lilikuwa na ghorofa nane, na ghorofa zote nane ni suruali za jinzi. Nilisimama kwenye ngazi nikajiuliza miguu yote hiyo iko wapi. Nje, Mkongo mmoja aliniita papa akaniambia fufu, ugali wao, iko, Mnaijeria akanisukuma na toroli, na bibi kizee wa Kichina akanipita na pikipiki isiyotoa sauti hata kidogo, nusura aondoke na kidole changu cha mguu.

Shemeji yangu, ambaye kwetu ni mpole anayeimba sauti ya pili kwaya, kule ni mtu mwingine. Kichina chake chote ni cha kukataa. Muuza duka akiandika bei kwenye kikokotoo, yeye anasema "tai gui le", yaani ghali mno, kisha "bu yao", sitaki, anageuka kuondoka, anaitwa, anarudi, wanaanza upya. Akikuta kitu kimeharibika anakiinua juu na kusema "huai le", kibovu hiki, na kikiwa kizuri anasema "hao". Kwa siku tatu nilibeba mifuko nikajifunza maneno hayo manne, na ubishi wangu haukuhitajika hata mara moja.

Chakula nacho. Mimi ni mtu wa Singida, na kuku kwetu ni jambo la heshima. Niliagiza kuku kwa kuonyesha picha. Akaletwa mweupe pe, wa baridi, amekatwakatwa na mifupa yake, na kichwa chake kimewekwa pembeni kinanitazama. Karibu na mfupa alikuwa mwekundu. Nikamrudisha jikoni kwa ishara kwamba hajaiva. Wakaondoka naye, wakarudi naye vilevile, ila safari hii na kibakuli cha tangawizi. Mama Glory akaniambia nile, nisimtie aibu. Nilikula tangawizi.

Siku ya nne mzigo wetu ulikuwa uende bandari ya Nansha, lakini mvua kubwa ilikuwa imenyesha na lori likakwama. Wakala wetu, Swaleh, Mswahili wa Mombasa aliyekaa Guangzhou miaka mingi, alipiga simu kusema tungoje hadi kesho yake. Jioni alipokuja kunywa chai nikamwuliza habari ya besiboli. Ilibidi nisimame nimwonyeshe kwa mwavuli.

"Mwalimu, wewe wataka nini na mchezo wa rungu?" akasema. "Basi nenda Huangpu. Mimi hupita pale nikipeleka mizigo bandarini, nawaona vijana wamevaa kofia. Mmoja arusha, mmoja akosa. Siku nzima akosa. Ukifika uulize bangqiu."

Mama Glory alisema yeye hatoki, anahesabu soksi. Kulipokucha nikaenda peke yangu.

Kwenda Huangpu, kwa njia ya meza

Treni ya chini ya ardhi ilinishtua kwa jambo moja: hakuna aliyezungumza. Behewa zima, kila mtu na simu yake, kama msiba ambao marehemu hajatajwa. Nilishuka Huangpu, nikamkuta mlinzi aliyevaa sare mbele ya jengo, nikamwambia, "Bangqiu." Akafikiri. Nikarudia kwa nguvu zaidi. Uso wake ukafunguka, akanishika mkono akanipeleka kwa furaha umbali wa kutosha, akanifungulia mlango. Ndani kulikuwa na wazee kama thelathini wanacheza tenisi ya mezani.

Kumbe mchezo ule wanauita pingpangqiu, na kwa ulimi wangu yalikuwa yale yale. Nilijaribu kueleza. Bibi mmoja wa makamo ya mama yangu alinikabidhi kibao kabla sijamaliza. Kukataa niliona ni utovu wa adabu, nikacheza. Alinifunga kumi na moja kwa sifuri, na pointi tatu za mwisho alikuwa anazungumza na mwenzake huku ananipiga. Ndipo nilipochora kwenye karatasi mtu mwenye gongo, wote wakasema "aa" kwa pamoja, na yule mlinzi, kwa aibu, akanitafutia teksi na kumwelekeza dereva mwenyewe.

Uwanjani

Nilitarajia uwanja kama wa Taifa. Nikashushwa nyuma ya maghala, penye uzio wa waya, ngazi za saruji upande mmoja, na ubao wa pointi ambao taa zake nusu zilikuwa zimekufa. Hii ilikuwa ligi ya chini kabisa, timu za watu wenye kazi zao. Hakuna tiketi, hakuna mtu mlangoni. Niliwahesabu watazamaji, tulikuwa ishirini na saba na mimi nikiwemo. Lakini ardhi ile, ndugu zangu, ilikuwa imepimwa na kuchorwa chokaa iliyonyooka, vituo vinne vyeupe, nyasi zimekatwa. Mimi vituo vyangu ni magunia ya sulfeti. Machozi yalinilenga, siwafichi.

Nilikaa karibu na mama wa kama miaka sitini, Mama Liang. Alinionyesha mdakaji wa timu ya bluu, kisha akajigusa kifuani, nikaelewa kwamba ni mwanawe. Akanipa mbegu za alizeti kwenye karatasi. Nilizishika nikidhani ni sampuli, kwamba amejua natoka Singida. Hapana, walikuwa wanazila. Wanabana kwa meno ya mbele, wanatema ganda, wanameza. Mimi nimezaliwa kwenye alizeti nikalelewa na mafuta yake, sijawahi kuona binadamu akiila kama kuku.

Kila mpigaji alipokosa, Mama Liang alisema "hao qiu". Hao ninaijua, ni nzuri. Nikajiuliza huyu mama ana roho gani, mtu akikosa yeye anasifu. Mpira ukipotea pembeni anasema "huai qiu", mbovu. Ilinichukua raundi mbili kutambua kwamba ndivyo wanavyoita: mpira mzuri ni ule uliorushwa sawa, mpigaji atajijua. Sisi tunahesabu makosa ya mpigaji, wao wanahesabu wema wa mrushaji.

Raundi ya tatu mpira uliruka uzio. Nikasimama upesi nikatoka, kama tunavyofanya kwetu, maana mpira ukipotea mchezo unasimama na kila mwenye macho anatafuta. Niliingia kwenye mtaro hadi magotini, nikaupata, nikarudi nimeuinua juu. Mchezo ulikuwa unaendelea. Kwenye benchi lao kulikuwa na ndoo nzima ya mipira, imejaa pomoni. Mchezaji niliyemkabidhi aliinamisha kichwa, akanirudishia mpira, akaonyesha kwamba niuchukue. Nilikaa chini, suruali inachuruzika, nikaitazama ndoo ile kuliko mchezo.

Kisha mvua. Tulijibanza wote chini ya kipande cha paa karibu saa nzima. Mama Liang alinimiminia chai kutoka chupa yake, akatoa simu inayotafsiri, unazungumza Kiswahili inatoa Kichina. Nikamwambia mimi ni mwalimu, na katika besiboli ni mwamuzi. Sijui simu ilimwambia nini, ila alikaa wima, akaanza kunieleza kwa heshima kesi ya kiwanja cha kaka yake. Nilitoa hukumu kwamba wagawane. Aliridhika.

Mvua ilipokatika walirudi, mpira sasa ukiwa umelowa. Ilikuwa raundi ya mwisho, bluu wanaongoza kwa pointi moja. Timu ya machungwa walikuwa na watu wawili vituoni, wawili wameshatolewa nje. Nikatoa simu yangu nikaanza kurekodi, maana nilichokifuata kutoka Singida kilikuwa mbele yangu. Mpigaji wa machungwa alikosa moja, akakosa ya pili. Mrushaji akarusha ya tatu, na mpigaji akazungusha gongo akapiga hewa.

Nilisimama juu ya ngazi. "Nje," nilipiga kelele. "Huyo nje, mchezo umekwisha." Nikamgeukia Mama Liang nimpe mkono wa hongera.

Mama Liang alikuwa ameziba mdomo. Mpira uliolowa ulikuwa umemponyoka mwanawe, umepita miguuni mwake, unajiviringisha kuelekea waya. Na yule mpigaji, aliyekosa mara tatu kwa macho yangu, alitupa gongo akakimbia. Mdakaji akaufuata mpira, akateleza, akaushika amechelewa. Mpigaji alikuwa kituo cha kwanza. Wenzake wawili wakaingia nyumbani. Nilimngojea mwamuzi apulize kitu, aseme kitu. Mwamuzi alinyoosha mikono yake miwili pembeni, viganja chini. Amefika salama. Timu ya machungwa wakarukiana mabegani.

Niliendelea kusema "nje, nje", lakini sauti ilikuwa imepungua. Watu ishirini na sita walikuwa wananitazama. Mama Liang, na mwanawe ndiye aliyeshindwa, alikuwa na utu wa kunihurumia mimi. Aliisogeza simu mdomoni akasema maneno machache, akaninyooshea. Simu ikasema, kwa Kiswahili safi cha mwanamke mtulivu, "Mpira ukianguka, anaweza kukimbia."

Niliomba arudie. Akarudia, simu nayo ikarudia. Mpira ukianguka.

Nilikaa. Mpira ukianguka. Ukianguka, kimbia. Sisi tulisikia wewe, kumbe alisema mpira. Mwalimu Sato hakuwa anatuhubiria kuhusu maisha. Alikuwa anatupa kanuni, na Kiswahili chake cha miezi mitatu kilikuwa sahihi kabisa, ngeli yake sahihi, kikakosa neno moja tu mbele. Na sisi wenye lugha ndio tulioikosea. Sisi wote isipokuwa mmoja.

Nilikuwa na tumaini moja la kijinga. Nilishuka nikamwendea mwamuzi, kijana wa miwani anayefanya kazi ya kutengeneza simu, nikamwuliza kwa simu yake inayotafsiri kama kanuni hii ni mpya. Nilitamani sana iwe mpya. Kuna masharti yake, akanichorea kwenye tope, nani awe wapi na wangapi wawe nje, na kila alichokichora kilikuwa vile vile siku ile ya michongoma. Kuhusu umri wake alicheka, akasema ilikuwapo kabla babu zetu hawajazaliwa.

Nilipogeuka nilimwona Mama Liang amekwenda kwa mwanawe. Kijana alikuwa ameketi chini kichwa magotini, mama yake anampangusa tope shingoni kwa leso. Nikaondoka bila kuaga. Sikuweza kumtazama mtu yeyote aliyeshindwa mchezo.

Kurudi

Mzigo ulifika Nansha, ukapakiwa, na mimi sikumbuki hata rangi ya kontena. Swaleh aliniuliza kama niliuona mchezo wa rungu. Nikamwambia niliuona.

Ndegeni Mama Glory alichoka na ukimya wangu. Nikamweleza yote, toka kituo cha kwanza hadi cha mwisho. Mwanzoni aliona ni mchezo. "Shemeji, umri huu unalilia mpira," akasema, akafungua biskuti. Nilipofika pale niliposema umeanguka wapi, mbona umesimama, aliacha kutafuna.

"Kumbe jina lile ulimpa wewe," akasema.

Nikamwuliza jina gani, ingawa nilikuwa nalijua. Mji mzima unalijua. Mashine ya Elibariki watu huita kwa Ukianguka. Hata wanaokwenda kununua mafuta kwake, ambao hawajawahi kuona gongo la besiboli, husema nipitie kwa Ukianguka. Bintiye nilimfundisha mimi kidato cha kwanza hadi cha nne, wenzake walimwita mtoto wa Ukianguka darasani kwangu, nami nikaendelea kuandika ubaoni. Na maneno yale yale niliyafanya yapakwe rangi kwenye ukuta wa stoo ya michezo, herufi kubwa, na nikayahubiri kwenye mahafali kana kwamba ni hekima yangu. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikaa mapajani mwangu toka Guangzhou hadi Dar.

Nilitaka kumpigia simu kutoka Addis. Mama Glory alinizuia. Alisema maneno mabaya niliyasema uso kwa uso, haya nayo niyapeleke uso kwa uso.

Mashineni

Nilishuka stendi ya Singida asubuhi, nikampa Mama Glory mikoba yote, nikaenda kwa miguu. Elibariki alikuwa anamimina alizeti kwenye mdomo wa mashine. Aliponiona aliendelea kumimina. Nilimwita jina lake la ubatizo, lote, sikumbuki lini nililitamka mara ya mwisho. Mashine inapiga kelele, nikalazimika kupaza sauti, na nilichokuja kusema si cha kupaziwa sauti. Nikamwonyesha kwa mkono azime. Akazima.

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ndegeni, hakuna lililokuja. Nikampa simu atazame mwenyewe. Alitazama mpigaji akikosa, mpira ukiponyoka, mtu akikimbia, na juu ya yote hayo sauti yangu ikipiga kelele kwa Kiswahili kwamba huyo yuko nje. Alitazama mara tatu. Nikangoja anitukane, na nilikuwa nimeazimia nisijibu.

"Mimi nilidhani sikumwelewa yule Mjapani," akasema.

Nikamwambia yeye peke yake ndiye aliyemwelewa.

"Ulikuwa unasoma kuliko mimi. Uliposema vile, na shule ikacheka, nikajua nimekosea. Niliona aibu, Gerson. Ndiyo maana nilikuwa nakupita."

Jamani, nilishtuka uwanjani, lakini hapo ndipo niliposhtuka kweli. Miaka yote nilidhani ninamvumilia mtu mwenye hasira na mimi. Kumbe alikuwa ananionea haya mimi, mtu niliyemdhulumu. Nikaomba msamaha, nadhani niliomba, maana sauti yangu ilikuwa haieleweki. Nikamwambia kesho napeleka rangi kufuta ukuta ule. Alikuwa bado ameshika simu yangu kwa mkono wenye mafuta.

"Kwa hiyo pale," akasema, "nilikuwa nimefika?"

"Ulikuwa umefika. Na wale wawili waliingia."

Alisimama akahesabu kwa vidole, taratibu, kama mtu asiyeamini. Kisha akageukia mlango wa nyumba akamwita mkewe.

"Mama Upendo, hebu njoo. Tulishinda."

Mkewe alitoka na unga mikononi, akanitazama mimi, akamtazama yeye, akauliza tumeshinda nini.